Inanga ya Bugarama na Kipaza Sauti cha Shule

Mtu asafiriye kutoka Bujumbura kwenda Gitega kwa kawaida hupita Bugarama. Ni mahali pa juu sana, barabara inapogawanyika, mkono mmoja ukielekea Kayanza na Rwanda, mwingine Muramvya na Gitega, na aghalabu ukungu hupatanda hata mchana. Wasafiri hupafahamu kwa karoti na kabichi zake, ambazo wauzaji huziinua mpaka madirishani mwa magari. Sijapata kumsikia mtu akisema kwamba amekwenda Bugarama kusikiliza muziki. Mimi nami sikwenda kwa ajili hiyo. Nilikuwa safarini kwenda Gitega kwa shughuli za mitihani, mwezi wa Aprili mwaka 2022. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, udongo ukaporomoka mbele yetu, gari likasimama, na dereva akatuambia twende tukanywe chai.

Nayaeleza haya ili walimu wenzangu waelewe kwamba hukumu nitakayoitoa hapa si ya mtu aliyejiandaa. Nimezoea kuhakiki vitabu, na kitabu kina subira: ukikisoma vibaya leo, utakisoma tena kesho. Mpigaji wa njiani hana subira ya namna hiyo, nami nilikaribia sana kumpita.

Kibandani mlikuwa na watu wapatao kumi na watano, na moshi wa kuni. Katika pembe iliyo karibu na jiko alikaa mzee mmoja aliyevaa koti zito. Magotini pake alikuwa amesimamisha kwa ubavu kitu ambacho kwa mbali nilikidhania kuwa hori dogo la kulishia ndama. Kumbe ni inanga. Wasomaji wetu walio mbali na maziwa haya huenda hawaijui, basi niieleze kwa maneno machache. Ni ubao mmoja mrefu, uliochimbwa kina kidogo, na juu yake hupitishwa uzi mmoja huku na huko katika meno yaliyochongwa kwenye ncha zake mbili, hata uzi huo mmoja ukawa nyuzi kadhaa. Yake ilikuwa na nyuzi nane. Hupigwa kwa vidole vya mikono yote miwili, na sauti yake ni nzito na ya chini, haifiki mbali.

Inanga nilikuwa nimeisikia redioni utotoni mwangu, wala sikuipenda. Mimi nilizaliwa Buyenzi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya mlangoni na sokoni, na muziki wetu ulikuwa wa magitaa na tarumbeta. Inanga ilipokuja hewani tulisikia mvumo wa nyuzi, na juu yake pumzi ya mtu anayenong'ona kama ana siri. Kwa miaka mingi niliamini kwamba mnong'ono ule ni ubovu wa redio yetu.

Mzee akaanza kuzigusa nyuzi, huku midomo yake ikitikisika. Nikadhani anapasha vidole moto, nikangoja aanze kuimba. Nikanywa nusu ya chai yangu nikingoja. Hatimaye nikamwuliza mama mmoja, mfanyabiashara wa nguo tuliyekaa kiti kimoja garini, kwamba mzee huyu ataanza saa ngapi. Akanijibu bila ya kunitazama: "Ameanza zamani, mwalimu. Sogea."

Nikasogea mpaka nikawa hatua mbili kutoka kwake, na hapo likatokea jambo ambalo sikulitarajia: nilimsikia akiimba. Ilikuwa sauti ya mwanamume, nzito, yenye kupanda na kushuka, na kila neno likisikika wazi. Nikamtazama kooni. Hakuwa akiimba. Alikuwa akinong'ona vile vile kama mwanzo, ila sauti, ambayo hakuitoa yeye, ilikuwa imekuja kukaa juu ya mnong'ono wake kutoka katika ule ubao.

Baadaye nilijua kwamba sikupagawa. Mtafiti Cornelia Fales aliichunguza inanga hii ya Burundi ya kunong'onwa, na katika makala yake ya mwaka 2002, ndani ya jarida la Ethnomusicology, alieleza kwamba ni sikio lenyewe linaloviunganisha vitu viwili, pumzi isiyo na kidatu na uzi usio na maneno, na kumwaminisha msikilizaji kwamba anasikia kitu cha tatu, yaani mtu anayeimba. Lakini naomba tuliangalie jambo hili kwa jicho la mwalimu wa lugha, maana linatuhusu sisi kuliko linavyowahusu wapima sauti.

Kirundi ni lugha ya toni. Neno inda laweza kuwa tumbo, laweza kuwa chawa, na kinachotenganisha ni kidatu tu. Sisi wa Kiswahili sanifu hatuna mtihani huo. Mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho na tunalala usingizi. Sasa, mtu anaponong'ona, nyuzi za sauti zilizo kooni mwake hazitetemi, kwa hiyo mnong'ono hauna kidatu. Mpigaji wa inanga, kwa kunong'ona, huyanyang'anya maneno toni zake, kisha huyarudishia kwa vidole. Uzi unapopanda, ni silabi ndiyo imepanda. Tumezoea kuwafundisha wanafunzi kwamba katika wimbo ala husindikiza sauti. Hapa hapana msindikizaji wala msindikizwa. Ubao umeshika nusu ya neno na kinywa nusu nyingine. Nimekuwa nikiifundisha fasihi simulizi kwa zaidi ya miaka ishirini, na kanuni hiyo ya kusindikiza nimeiandika ubaoni kila mwaka.

Kisa alichokisimulia kilikuwa cha Maconco. Wenzetu wa Burundi wanakijua: Maconco alikuwa mkwe wa Mwami Mwezi Gisabo, wakakosana, mkwe akajiunga na Wajerumani dhidi ya baba mkwe wake. Mwaka 1903 Mwami alilazimika kutia sahihi mapatano ya Kiganda, na Kiganda si mbali na pale tulipokuwa tumekaa. Ni habari kubwa, ya ufalme na usaliti. Nilitarajia isimuliwe kwa kishindo. Mzee aliisimulia kana kwamba anamwambia jirani yake usiku kwamba kuna mtu nyuma ya nyumba.

Na hapo ndipo ulipo ustadi wake. Mnong'ono humfanya kila msikilizaji kuwa msiri. Habari za usaliti, zikitangazwa kwa sauti kuu, humfanya msikilizaji kuwa hakimu, akakaa mbali na kulaani. Zikinong'onwa, humfanya mshiriki. Nilijikuta nimeinama kama wengine, na kwa muda nilikuwa upande wa Maconco, jambo ambalo hakuna kitabu cha historia kilichopata kunifanyia.

Lakini lililonishangaza zaidi lilikuwa jingine. Alipofika mahali ambapo Mwami anamkatalia mkwewe, midomo ya mzee ilifumba. Vidole havikusita. Nyuzi ziliendelea na ile ile sentensi, toni kwa toni, bila ya maneno, na katika kibanda kile watu watatu au wanne wakayajaza maneno kwa midomo yao, kimya kimya, kama watu waitikiao sala. Mama wa nguo alikuwa mmoja wao. Mimi sikuyajua maneno hayo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliona haya ya kweli kwamba Kirundi changu ni cha ofisini. Alifanya hivyo mara mbili tu katika kisa kizima. Mpigaji mdogo kwake angalikwisha kuona kwamba jambo hilo linapendeza, na angalilirudia mpaka likachakaa.

Haifai nimsifu kwa kila kitu. Mtu mpya alipoingia kibandani, mzee alirudia kibwagizo mara nyingi kupita kiasi, bila shaka ili mgeni apate kuingia habarini, na kwa sababu njia ilikuwa imefungwa, wageni walikuwa wengi. Kisa kikalegea katikati kama kamba ya ng'ombe. Utungo wa pili aliotupigia ulikuwa wa kumsifu mwenye kibanda, na haukuwa na kitu: sifa zile zile angeweza kuzitoa kwa mwenye kibanda cha jirani kwa kubadili jina. Vidole vilikuwa vile vile, lakini maneno yakiwa matupu hata nusu ya neno iliyo katika uzi huwa tupu. Nikatambua kwamba sikuwa nimevutiwa na ufundi wa vidole peke yake.

Hapa natoka nje ya kibanda kidogo. Mwaka 1970 Ruth Finnegan, katika kitabu chake maarufu kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alitia shaka kama utendi ni utanzu wenye mizizi katika bara letu. Profesa M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alimjibu kwa kuwatumia wapiga nanga wa Wahaya, ng'ambo tu ya mpaka, katika makala ya mwaka 1983 na tasnifu ya mwaka 1986. Nanga ya Wahaya na inanga ya Warundi ni ndugu. Majina yenyewe yanasema. Tumeufundisha mjadala huo vyuoni kama mjadala wa matini: je, utungo ni mrefu, una shujaa, una matukio ya kihistoria? Ni maswali mema. Ila nikiyaandika maneno ya mzee wa Bugarama katika daftari, na kuyahesabu, na kumpa mwanafunzi ayahakiki, nitakuwa nimempa nusu ya maneno, na mahali pale ambapo mzee alifumba midomo daftari langu litakuwa tupu, ilhali ndipo palipokuwa kilele.

Je, kurekodi kunatosha? Mwaka 1967 Michel Vuylsteke alirekodi muziki wa Burundi kwa ajili ya santuri za Ocora za Ufaransa, na mnong'ono wa inanga umo. Ngoma zilizorekodiwa safari hiyo zilizunguka dunia. Mwaka 1971 zilitiwa ndani ya rekodi ya dansi iliyoitwa Burundi Black, na mwaka 2014 ngoma yetu ya kifalme iliingizwa katika orodha ya UNESCO. Inanga ilibaki nyumbani. Sioni wivu katika hilo. Ngoma ilizaliwa kwa ajili ya uwanja, na uwanja hauna mipaka. Inanga ilizaliwa kwa ajili ya chumba, jioni, na watu ambao magoti yao yanakaribia kugusana.

Ningalikomea hapo, makala haya yangalikuwa ya sifa na hasara isingekuwapo. Lakini nilifanya kosa, nami nimeamua kuliandika, maana naona wengi wetu tutalifanya.

Udongo ulipoondolewa barabarani na dereva akatuita, nilimwomba mzee aje shuleni kwetu, Bujumbura, tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo ilikuwa inaadhimishwa mwaka huo kwa mara ya kwanza. Walimu wenzangu wawili walinipinga. Walisema, si bila ya haki, kwamba siku moja tuliyopewa kwa ajili ya Kiswahili haifai kupewa Kirundi. Nikawajibu kwamba Kiswahili hakipungui kwa kumkaribisha jirani sebuleni, na kwamba lugha inayojiita ya kimataifa yapasa kujua kusikiliza. Nilisema vizuri, nikashinda. Mabishano hayo yalinishughulisha kiasi kwamba sikuuliza swali moja la maana: atakaa wapi?

Alikaa jukwaani. Mbele yake walikuwa wanafunzi wapatao mia nne katika ukumbi wenye paa la bati. Alikuwa ametoka kwenye baridi na ukungu akaja kwenye joto la kandokando ya ziwa, na nyuzi zikawa zimebadilika. Akatumia karibu robo saa kuzikaza, na ukumbi ukaanza kunong'ona mnong'ono wake wenyewe. Kijana wa mitambo, ambaye ni mwangalifu na hana lawama yoyote, akaweka kipaza sauti mbele ya kinywa cha mzee, kama awekavyo kwa kila mtoa hotuba. Mbele ya ubao hakuweka kitu. Mzee alipoanza, spika zikatoa pumzi tupu, kama upepo katika mti wa msonobari, na ndani ya upepo huo irabu na konsonanti zilizokatwa katwa. Nyuzi hazikusikika hata kidogo. Kile kitu cha tatu nilichokisikia Bugarama hakikuzaliwa, maana wazazi wake wawili walikuwa wametenganishwa, mmoja kapewa spika nne na mwingine kaachwa magotini mwa mzee.

Wanafunzi wakacheka. Sikuwaadhibu, wala sikuona sababu. Walicheka kile walichosikia, na walichosikia kilichekesha. Mwalimu mmoja aliinua mkono akimwashiria mzee apaze sauti. Hapo mzee akaweka viganja vyote viwili juu ya nyuzi, akazinyamazisha. Alikuwa amepiga kwa muda usiofika dakika nne. Mkuu wa shule akatoa shukrani, kwaya ikapanda, na sherehe ikaendelea vizuri.

Nilimfuata nje nikiwa na bahasha ya nauli mkononi, na maneno ya kuomba radhi ambayo nilikuwa nimeyatunga njiani. Hakuyangoja. Akaniambia: "Mwalimu, umewapa watoto pumzi yangu. Pumzi yangu hata mimi sina haja nayo."

Tangu hapo nimelifikiri jambo hili mara nyingi, na sisemi kwamba kipaza sauti ni adui. Santuri ya Ocora inathibitisha kinyume chake: mtu aliyejua anachokitafuta alikiweka mahali ambapo kinywa na ubao vinasikika kwa kiasi kimoja. Hata ukumbini tungaliweza kufanya hivyo, na bila shaka pangalisikika kitu. Nashuku tu kwamba wale wa safu ya thelathini wangalisikia wimbo mzuri, wakapiga makofi, na asiwepo hata mmoja aliyeinama. Shule zetu zimejengwa kwa ajili ya sauti kuu: gwaride, kwaya, hotuba, ngonjera. Mashairi yenyewe tunawafundisha watoto wayaghani wakiwa wamenyoosha shingo, kana kwamba kila shairi liliandikwa kwa ajili ya mgeni rasmi. Ninao wanafunzi ambao hawajapata kusomewa utenzi na mtu aliyekaa karibu nao.

Mzee hakuondoka mara ile, kwa sababu gari la kurudi lilikuwa la jioni. Alikaa chini ya mwembe akanywa soda, na wanafunzi wachache wa kidato cha juu wakamzunguka, baadhi yao wale wale waliocheka. Mmoja akamwuliza ile ni ala gani. Akawauliza kama shule ina chumba kidogo. Kipo, ni ghala la vitabu vya kiada, hakina dirisha ila tundu la hewa. Wakaingia kumi na wawili, wakakaa juu ya maboksi ya vitabu, nami nikasimama mlangoni kwa sababu nafasi ya kukaa haikubaki.

Akawapigia Maconco tangu mwanzo. Kwa kuwa hapakuwa na wageni wa kuingia na kutoka, kibwagizo hakukirudia ovyo, na kisa kikawa kifupi na kikali kuliko nilivyokisikia mara ya kwanza. Alipofika pale Mwami anapokataa, akafumba midomo. Nilitazama nyuso za watoto. Wengi walitazamana tu. Msichana mmoja, ambaye katika darasa langu la Kiswahili hupata alama za chini na ambaye, kama nilivyojua baadaye, amelelewa na bibi yake huko Muramvya, alikuwa akitikisa midomo.

Kilipokwisha hakuna aliyepiga makofi. Kisha wawili wakaanza kubishana. Mmoja alishikilia kwamba mzee ameimba, na kwamba sauti yake ni nzito kama ya mjomba wake. Mwingine akaapa kwamba alikaa karibu naye kuliko wote na hakumsikia akifungua koo hata mara moja. Wakanigeukia niwaamue. Nikawaambia wamwulize mwenyewe. Mzee alikuwa amekwisha kuizungushia inanga blanketi lake, naye akauliza kama gari la Bugarama hupita lango la mbele au la nyuma.